Kiyoyozi Hakipozi: Kuutafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Gesi

Kila ifikapo Januari na Februari, kaskazi inapokolea na vyumba vya Tanga vikawa haviingiliki mchana, mafundi wa viyoyozi hupigiwa simu nyingi kuliko miezi mingine yote, na karibu kila anayepiga huanza kwa maneno yale yale: “Fundi, gesi imekwisha.” Nimeifanya kazi hii hapa mjini kwa miaka mingi, tangu nyumba za Raskazone zinazotazama maji hadi vyumba vya Ngamiani vilivyobanana, na kabla msomaji hajaitazama dalili yoyote ninamwomba ashike jambo moja: gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kandili. Haichomwi, wala mashine haiili. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba, inazunguka humo humo mwaka baada ya mwaka, na ikiwa kweli imepungua basi pana tundu. Fundi anayejaza gesi kila msimu bila kulitafuta tundu hilo anakuuzia bidhaa ile ile mara ya pili na ya tatu, na anayejaza gesi kwenye mashine ambayo haikupungukiwa anaiharibu.

Ili dalili zieleweke, ni lazima kwanza kazi ya mashine yenyewe ieleweke. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali kinahamisha joto. Gesi iliyo baridi hupita kwenye koili ya ndani, yaani mabomba ya shaba yaliyokunjwakunjwa, ikafyonza joto la chumba na kugeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukawa moto kuliko hewa ya nje. Kisha koili ya nje, kwa msaada wa feni yake, hulitupa joto hilo uani, na gesi hurudi ndani kuanza upya. Mashine zenye vali ya njia nne huweza kuigeuza safari hiyo, zikachota joto nje na kulileta ndani, na ndiyo sababu mwenye nyumba huko Lushoto anaweza kufaidika nazo katika baridi ya Juni na Julai, ilhali sisi wa pwani hatuna haja na upande huo wa pili.

Kinawaka, feni inazunguka, lakini chumba hakipoi

Anza na rimoti, na usione haya kuanza nayo. Alama ya theluji ndiyo ya kupoza. Alama ya jua ni ya kupasha joto, na alama ya feni peke yake inazungusha hewa tu. Mtoto akichezea rimoti na kuiacha kwenye jua, mashine yenye vali ya njia nne itawapulizia hewa moto wenye nyumba nao watadhani imekufa. Tazama pia nyuzi zilizowekwa. Kuweka 16 hakuharakishi baridi katika mashine ya kawaida, kwa sababu kompresa yake ina mwendo mmoja tu, kunaifanya isipumzike. Kwa hali yetu nyuzi 24 hadi 26 zinatosha.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha mashine ya ndani, toa machujio na uyainue kuelekea dirishani. Ikiwa mwanga haupiti vizuri, hewa nayo haipiti. Yaoshe kwa maji ya kawaida, uyaanike kivulini hadi yakauke kabisa, kisha uyarudishe. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inahitaji kazi hii kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, na hakuna sababu ya kumlipa fundi kwa ajili yake.

Kisha nenda uani ukaitazame mashine ya nje, kwa maana wengi huisahau kabisa. Nimezikuta zikiwa zimetundikiwa kanga mbichi, zimezibwa na magunia ya mkaa, au zimejengewa kizimba cha kuzuia wezi chenye nafasi ndogo kiasi kwamba hewa moto inayotoka mbele inazunguka na kuingia tena nyuma. Weka kiganja mbele ya feni wakati mashine inafanya kazi. Hewa inayotoka ikiwa ya joto kuliko ya uani, joto la chumba linatupwa. Ikiwa ni moto mno, na kompresa inazima na kuwaka yenyewe mara kwa mara, basi koili ya nyuma imeziba kwa vumbi na chumvi. Ikiwa feni inazunguka lakini hewa inayotoka haina tofauti yoyote na ya uani, kompresa haifanyi kazi, nawe ruka moja kwa moja hadi sehemu ya umeme hapa chini.

Hapo ndipo pa kutumia kipimajoto, ambacho ni chombo cha bei ndogo kuliko safari moja ya fundi. Iache mashine ifanye kazi kwa dakika 15, kisha pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na hewa inayotoka chini yake. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida. Wakati wa masika, chumba kikiwa na unyevu mwingi, tofauti inaweza kuwa ndogo zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya mashine inatumika kuugeuza unyevu kuwa maji. Ukipata, kwa mfano, nyuzi 30 zinazoingia na 20 zinazotoka, mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye nyumba. Nyumba nyingi za zamani mjini zilijengwa zipitishe upepo: zina matundu ya hewa juu ya kuta, madirisha ya vioo vya kupangwa visivyofunga sawasawa, na bati lisilo na dari. Ujenzi huo ulifaa sana kwa upepo wa bahari, lakini kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho huhamisha takriban kilowati 3.5 za joto, hakiwezi kulipoza anga lote linaloingia matunduni. Ziba matundu hayo, weka pazia zito upande wa jua la jioni, na utaona mashine ile ile ikifanya kazi ya mashine kubwa zaidi.

Bibi mmoja wa Chumbageni alikuwa amejaziwa gesi mara tatu katika muda wa miaka miwili. Nilipofika na kumwamkia, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, “Mwanangu, usinitajie gesi.” Sikumtajia. Koili ya nje ilikuwa imeziba kwa nyuzinyuzi na vumbi lililogandamana na chumvi, joto halikuwa na pa kutokea, na kila aliyekuja alisikia malalamiko ya joto akaongeza gesi juu ya gesi, hata mgandamizo ukapanda kupita kiasi na kompresa ikawa inajizima kwa kujilinda. Niliosha koili, nikaitoa gesi yote na kuipima upya kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani. Hakukuwa na tundu popote. Fedha za yule bibi zilipotea bure mara zote tatu, na hilo ndilo linalonisukuma kuyaandika haya.

Barafu kwenye mabomba au kwenye koili

Wengi hushangaa kuona barafu katika mji wenye joto kama huu, na wengine huifurahia wakidhani ni dalili ya nguvu. Barafu ni dalili ya ugonjwa siku zote. Koili ya ndani inapaswa kuwa baridi na kutoa jasho, lakini isishuke chini ya nyuzi sifuri. Ikishuka, jasho hilo huganda, hewa huzuiwa, na barafu huzaa barafu zaidi.

Sababu ni mbili kubwa, na kuzitenganisha ndiko kunakookoa fedha. Ya kwanza ni uhaba wa hewa: chujio limeziba, au ile feni ndefu ya ndani imeshika utando mweusi kwenye mabawa yake hadi haisukumi kitu. Ya pili ni gesi iliyopungua, kwa maana mgandamizo ukishuka, kiwango cha joto ambapo gesi inachemka nacho hushuka. Zima upozaji, acha feni peke yake kwa saa moja au zaidi hadi barafu yote iyeyuke, na kamwe usiikwangue kwa kisu, maana mabomba ya koili ni membamba na tundu moja tu linaweza kuigharimu koili nzima. Osha chujio, washa tena, kisha tazama mabomba mawili yanapoingia kwenye mashine ya nje. Katika mashine nyingi za nyumbani mabomba yote mawili huwa baridi, na lile nene hutoa jasho. Bomba jembamba likianza kufanya barafu huku lile nene likiwa vuguvugu, hiyo ndiyo dalili ya kweli ya gesi kupungua, na sasa una haki ya kumwita fundi na kumwambia atafute tundu.

Maji yanadondoka ndani ya chumba

Wakati wa masika mashine moja ya chumba cha kulala inaweza kukamua zaidi ya lita moja ya maji kwa saa kutoka kwenye hewa yetu, na maji hayo hayana njia nyingine ila mpira mmoja mwembamba. Mara nyingi mpira huo huzibwa na utelezi wa kijani unaoota ndani yake, au na nyigu waliojenga kwa udongo kwenye ncha ya nje. Sababu nyingine naikuta sana kwetu kwa kuwa watu hawapendi kuacha maji yapotee: ncha ya mpira imetumbukizwa ndani ya ndoo, ndoo ikajaa, na maji ya ndoo yakaziba ncha hiyo, hivyo hewa iliyobaki ndani ya mpira inayazuia maji yasishuke. Iinue ncha juu ya usawa wa maji ya ndoo, nayo yatateremka.

Mpira ulioziba husafishwa kwa kuuvuta uchafu wake kutoka nje kwa pampu, na baadaye kwa kumimina lita moja ya maji polepole kwenye sinia la ndani ili kuhakikisha kwamba yote yanatoka uani. Ikiwa hayatoki ilhali mpira ni safi, weka pimamaji juu ya mashine; huenda ilifungwa ikiwa imeinamia upande usio na tundu la kutolea maji. Na ikiwa maji yanatokea ukutani, mbali na mashine, chunguza sponji nyeusi inayofunika mabomba, kwani ikichanika bomba baridi hutoa jasho lake moja kwa moja kwenye plasta.

Kinanguruma kisha kinanyamaza, au kinaangusha swichi

Umeme wetu ni wa volti 230, lakini jioni, majirani wote wanapowasha vyao, katika baadhi ya mitaa iliyo mbali na transfoma hushuka sana. Kompresa inayojaribu kuanza kwa umeme mdogo hunguruma sekunde chache, hushindwa, hulia “tak” na kunyamaza, kisha hujaribu tena baada ya muda. Pima volti wakati ule ule mashine inapojaribu kuanza, si asubuhi wakati mtaa umelala. Ikiwa unapata chini ya 200, usiilaumu mashine. Weka stabilaiza inayomudu mzigo wake, na uwasilishe malalamiko ya laini kwa TANESCO.

Volti ikiwa sawa na kompresa bado inanguruma, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Ni kopo dogo la bati au plastiki ndani ya mashine ya nje, lenye kazi ya kuipa kompresa msukumo wa kuanzia, na joto la pwani hulichosha mapema. Kichwa chake kikivimba, au kipimo chake kikishuka mbali na kilichoandikwa, kwa mfano maikrofaradi 22 mahali pa 35, kibadilishwe kwa kingine cha kipimo kile kile. Ni kifaa cha bei ndogo, na nimeona watu wakiambiwa kwamba kompresa nzima imeungua kumbe ni hicho tu. Hata hivyo usikiguse wewe mwenyewe, kwa kuwa hubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa, na chaji hiyo inaweza kukurusha.

Sakiti breka inayoanguka papo hapo, mara kompresa inapoanza, huashiria hitilafu nzito: waya za ndani ya kompresa zimegusa mwili wake, au waya wa nje umechubuka. Inayoanguka baada ya dakika kumi au ishirini huashiria joto: koili ya nje chafu, gesi iliyozidi, au waya uliolegea kwenye skrubu yake, ambao ukiutazama utaona plastiki imebadilika rangi. Katika hali zote hizo usikubali shauri la kuweka breka kubwa zaidi. Breka inailinda waya iliyo ndani ya ukuta wako, na ukiiongeza bila kuongeza unene wa waya umeiondoa kinga ya moto wakati watoto wamelala.

Umeme unapokatika na kurudi, zima kiyoyozi, subiri utulie, kisha washa. Mashine nyingi husubiri zenyewe kama dakika 3 kabla ya kuiamsha kompresa ili mgandamizo wa pande mbili usawazike, kwa hiyo ukimya huo si ubovu. Mashine za inveta, zile ambazo kompresa yake hubadili mwendo, zinastahili uangalifu zaidi, maana bodi yake ya kielektroniki ni ya gharama kubwa na huumizwa na umeme unaorudi kwa kishindo. Zinapopata hitilafu huonyesha herufi na namba, au humweka taa kwa idadi maalumu; iandike alama hiyo kabla hujazima, kisha iangalie kwenye kitabu cha mashine, kwa sababu kila kampuni ina alama zake. Jambo dogo la kwetu ni mjusi: huingia ndani ya mashine ya nje kutafuta joto, akakanyaga nyaya mbili kwa pamoja, akafa na kuua bodi. Wavu mdogo kwenye tundu la nyaya unatosha kumzuia.

Chumba baridi lakini kina unyevu, kinanuka au kina kelele

Anayelalamika kwamba shuka zina unyevunyevu na ukungu unaota nyuma ya kabati, ingawa chumba ni baridi, mara nyingi amenunua mashine kubwa kupita mahitaji. BTU 24,000 katika chumba cha kulala hushusha nyuzi kwa dakika chache na kuzima kabla haijapata muda wa kukamua maji hewani. Tumia alama ya tone la maji, yaani ya kukausha hewa, kwenye rimoti nyakati za masika, na ukinunua nyingine usidhani kwamba kubwa ndiyo bora.

Uvundo wa nguo zilizokaa majini hutokana na utando unaoota kwenye koili na feni ya ndani. Osha vyote viwili, kisha jizoeshe kuacha feni peke yake kwa dakika 20 kabla ya kuzima. Harufu ya choo ina maana kwamba mpira wa maji umeingizwa kwenye bomba la maji machafu, nao uondolewe humo siku hiyo hiyo.

Kelele ya kutetemeka nje hutokana na skrubu zilizolegea au mabano yaliyoliwa na kutu. Hili la mabano lisiahirishwe; mashine ya nje mara nyingi ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na ikining'inia juu ya njia ya watu ni hatari kwa uhai wao.

Chumvi ya bahari

Sehemu hii haimo kwa kirefu katika vitabu vingi vya mashine, lakini kwetu ndiyo inayoua viyoyozi kabla ya wakati. Koili imetengenezwa kwa mabomba ya shaba yaliyopitishwa kwenye mapezi membamba ya alumini, na metali hizo mbili zikiguswa na maji ya chumvi, alumini huliwa. Utaona kwanza unga mweupe, kisha mapezi yanapukutika ukiyagusa kwa kidole, na mwishowe shaba inabaki tupu, haina wa kulibeba joto lake. Mashine kama hiyo haipozi vizuri, na mtu hudhani gesi imepungua ilhali imejaa.

Kinga yake ni maji baridi yasiyo na chumvi. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha mwagia koili ya nje kwa mpira wa bustani, kwa nguvu ya kawaida na kwa mkao wa kufuata mapezi, kila mwezi kwa nyumba iliyo ufukweni na kila miezi mitatu kwa iliyo mbali kidogo. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi, wala mashine ya kuoshea magari, ambayo huyalaza mapezi yote kwa pigo moja. Kama unafunga mpya, iweke upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, na uchague yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, mara nyingi ya buluu au dhahabu.

Ikiwa gesi imepungua kweli

Fundi anayejua kazi ataanza kwa kutafuta mahali penye mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri na gesi na huacha doa panapovuja, hasa kwenye nati zinazounga mabomba. Atapaka povu la sabuni, na tundu likijificha atajaza naitrojeni kavu na kutazama geji, yaani kipimo cha mgandamizo, kama inashuka. Oksijeni isitumike kamwe kwa kazi hiyo, kwani ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo inaweza kulipuka. Tundu likishazibwa, atavuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa hivi, ataacha geji itulie kuhakikisha hairudi juu, ndipo ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani.

Muulize pia ni gesi gani. Kibandiko cha mashine ya nje kinaitaja pamoja na uzito wake. R22, iliyo katika mashine za zamani, inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi ya ule wa R22 na huhitaji mafuta ya aina tofauti, hivyo hazibadilishani. Tena kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili, hujazwa ikiwa kimiminika. R32 ya mashine mpya inaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala jiko karibu na kazi hiyo. Kisha mwambie aandike tarehe, aina ya gesi, gramu alizoweka na mahali tundu lilipokuwa, na karatasi hiyo uibandike ndani ya kifuniko, ili atakayekuja Januari ijayo asianze tena kwa kukuuzia mtungi.